Kufikiria Upasuaji kwa Mgonjwa wa Kolaitisi ya Vidonda au Crohn: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wagonjwa wengi wa maradhi sugu ya kuvimba kwa utumbo, yale ambayo madaktari huyaandika kwa kifupi IBD na ambayo aina zake kuu ni kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn, hulisikia neno upasuaji kwa mara ya kwanza wakiwa katika hali mbaya kabisa: mgonjwa yuko kitandani, damu imepungua, tumbo limejaa, na ndugu wanaombwa watie saini fomu ya ridhaa usiku huohuo. Mwongozo huu unakusudia kulileta neno hilo mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kukaa, kuuliza, kupinga na kuchagua. Ninaamini kwa dhati kwamba wakati mwafaka wa kumwona daktari wa upasuaji ni pale ambapo bado hujui kama utamhitaji, na sababu ya imani hiyo ni ya kitabibu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika operesheni za kupangwa waliofariki walikuwa chini ya 1 kwa kila wagonjwa 100, ilhali katika operesheni za dharura walikuwa takriban 5 kwa kila 100 wenye kolaitisi ya vidonda na takriban 4 kwa kila 100 wenye ugonjwa wa Crohn. Tofauti hiyo hutokana zaidi na hali ya mwili unaofikishwa kwenye chumba cha upasuaji kuliko na mkono wa anayepasua.

Tena upasuaji katika maradhi haya si jambo la nadra. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa Crohn hufanyiwa operesheni ndani ya miaka 10 tangu ugonjwa kutambuliwa, na takriban 16 kwa kila 100 kwa upande wa kolaitisi ya vidonda, ingawa viwango hivyo vimekuwa vikishuka kadiri dawa zinavyoboreshwa. Kwa hiyo anayeuliza habari za upasuaji hajitakii mabaya, wala hajamkosea daktari anayempa dawa.

Hatua ya kwanza: hakikisha jina la ugonjwa

Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa, peke yake, tena tabaka la ndani tu. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika mahali popote kuanzia kinywani hadi kwenye njia ya haja kubwa, hupenya ukuta wote wa utumbo, na huacha vipande vizima katikati ya vilivyougua. Maana ya tofauti hii kwa anayefikiria upasuaji ni kubwa sana. Mwenye kolaitisi akiondolewa utumbo mpana wote pamoja na puru, ugonjwa wa utumboni umekwisha, kwa kuwa mahali ulipokuwa ukiishi hapapo tena. Mwenye Crohn akikatwa kipande kilichoharibika anapata nafuu ambayo inaweza kudumu miaka mingi, lakini chanzo kinabaki mwilini na ugonjwa unaweza kurudi, mara nyingi karibu na pale utumbo ulipounganishwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki liko jambo jingine ambalo halipaswi kurukwa. Kifua kikuu cha utumbo hupenda kukaa mwisho wa utumbo mwembamba, palepale ambapo Crohn hupendelea, na dalili zake ni karibu zilezile: kukonda, homa za jioni, maumivu ya upande wa kulia wa tumbo, na utumbo kubanwa. Hata kwa kamera na kwa darubini ya maabara, magonjwa haya mawili huweza kumchanganya daktari mzoefu. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kwa muda wa miezi 6 na wagonjwa wengi hupona bila kukatwa, ilhali kumpa mgonjwa huyo steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) au dawa za kudhibiti kinga kwa kudhani ana Crohn kunaweza kuusambaza ugonjwa mwili mzima. Amiba na kichocho cha tumbo navyo huleta kuhara damu kunakofanana na kolaitisi.

Kabla ya kikao chochote kuhusu upasuaji, basi, omba nakala za majibu ya kolonoskopi (uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera), ya vinyofu vilivyopelekwa maabara, ya kinyesi, ya kifua kikuu na ya virusi vya Ukimwi. Ikiwa ripoti ya maabara inasema aina ya ugonjwa haikubainika, una haki ya kuomba vioo vya maabara vyenye vinyofu hivyo visomwe na mtaalamu wa pili katika hospitali nyingine. Ni hatua ya gharama ndogo, na inaweza kubadilisha operesheni nzima, kwa sababu ziko aina za upasuaji zinazomfaa mwenye kolaitisi na ambazo kwa kawaida mwenye Crohn hashauriwi kufanyiwa.

Hatua ya pili: jua una muda kiasi gani

Kuna hali ambazo hazina mjadala. Utumbo uliotoboka, damu isiyokoma kutoka, utumbo uliobanwa kabisa hadi mgonjwa anatapika wala hatoi hewa, na utumbo mpana uliotanuka kupita kiasi huku mwili ukipata homa na mapigo ya moyo yakienda mbio, zote ni dharura za saa na si za siku. Mwenye dalili za namna hii asikae nyumbani akisubiri miadi ya kliniki wala asinywe dawa za kufunga kuhara, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuzidisha utanukaji.

Hali ya pili ni ya siku chache zinazohesabika, na ndiyo ambayo familia nyingi huielewa vibaya. Mwaka 1955, madaktari Truelove na Witts wa Oxford waliweka vigezo ambavyo vinatumika hadi leo: mgonjwa wa kolaitisi anayekwenda haja yenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, na akawa na dalili ya mwili mzima kuathirika, kama vile mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika, homa inayozidi nyuzi 37.8 au hemoglobini, yaani kiwango cha damu, chini ya gramu 10.5 kwa desilita, ana kolaitisi kali na anapaswa kulazwa. Hospitalini hupewa steroidi kwa mshipa, na siku ya tatu hutazamwa upya. Ikiwa bado anakwenda haja zaidi ya mara 8 kwa siku, uwezekano wa kuhitaji upasuaji ni mkubwa, na madaktari huchagua kati ya dawa ya kuokoa jahazi, kama infliksimabu au saiklosporini, na operesheni. Dawa hiyo nayo hupewa siku chache tu kuonyesha matunda yake. Kinachowaua wagonjwa katika hali hii ni kungoja wiki baada ya wiki kwa matumaini kwamba chupa ya kesho itafanya kile ambacho chupa ya leo haikufanya. Daktari wa upasuaji anapokuja kumwona mgonjwa tangu siku ya kwanza, ndugu wasishtuke wala wasimfukuze, kwa maana kuja kwake ni sehemu ya matibabu hata kama hatapasua.

Hali ya tatu ni ya upasuaji wa kupangwa, na humo ndimo mwongozo huu unamoweza kusaidia zaidi. Sababu za kuufikiria ni dawa kutofanya kazi au kuleta madhara yasiyovumilika, mgonjwa kushindwa kuacha steroidi, kovu lililobana utumbo, fistula (njia isiyo ya kawaida inayotoboka kutoka utumboni) au jipu la ndani linalojirudia, mtoto kutokua kama wenzake, na chembe zilizoanza kubadilika kuelekea saratani. Kuhusu saratani, aliyeugua kolaitisi kwa takriban miaka 8 anapaswa kuanza kolonoskopi za uchunguzi hata kama hana dalili, na mwenye ugonjwa wa makovu katika mirija ya nyongo anapaswa kuzifanya kila mwaka tangu siku ugonjwa huo unapogunduliwa. Chembe zilizobadilika zikionekana mahali pengi, au zikiwa za daraja la juu, upasuaji huwa ndio ushauri wa msingi hata kwa mtu anayejihisi mzima kabisa. Ninajua jinsi ilivyo vigumu kukubali kukatwa hali huumwi, na ndiyo maana ripoti hiyo inapaswa kuthibitishwa na macho ya wataalamu wawili.

Hatua ya tatu: zipime dawa kwa haki

Andika katika daftari kila dawa uliyotumia, kipimo chake, muda wake, na sababu ya kuiacha. Wagonjwa wengi husema dawa zote zimeshindwa, kumbe mesalazini ilitumika kwa kipimo kidogo, au azathioprini iliachwa kabla ya miezi 3 ambayo huhitaji ili nguvu zake zionekane, au sindano za infliksimabu zilikatika kwa kuwa fedha zilikatika. Kushindwa kwa dawa na kukosekana kwa dawa ni mambo mawili tofauti, ingawa kwa mgonjwa ambaye hana namna ya kuipata tena matokeo yake ni yaleyale, na daktari mwadilifu ataliweka hilo katika mizani bila kumlaumu.

Prednisoloni, steroidi ya vidonge, ihesabiwe peke yake. Ni dawa ya kuzima moto na haikukusudiwa kutumika mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa hula mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, huleta mtoto wa jicho, na huongeza maambukizo baada ya upasuaji. Mtu ambaye kila akishuka chini ya kipimo fulani ugonjwa humrudia, na hana dawa nyingine inayomshika, tayari yuko mahali pa kufikiria upasuaji, hata kama kwa sasa anajisikia vizuri.

Kisha muulize daktari maswali mawili na uandike majibu pamoja na tarehe: tumebakiza dawa gani, na tutaipa muda gani kabla ya kukubali kwamba haifai? Dawa isiyowekewa muda inaweza kumpeleka mgonjwa polepole hadi kwenye ile operesheni ya dharura iliyotajwa mwanzoni.

Wala si lazima upasuaji uwe wa mwisho katika orodha. Utafiti uliofanyika Uholanzi na Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2017, uliwagawa wagonjwa wa Crohn iliyoshika kipande kifupi, kisichozidi sentimita 40, mwishoni mwa utumbo mwembamba: baadhi walipewa infliksimabu na wengine wakakatwa kipande hicho kwa upasuaji wa matundu madogo. Baada ya mwaka mmoja ubora wa maisha ulikuwa unakaribiana katika makundi yote mawili. Walipofuatiliwa kwa takriban miaka 5, karibu nusu ya waliopewa dawa walikuwa wamefanyiwa upasuaji, ilhali katika waliopasuliwa hakuna aliyekatwa tena, na takriban robo tu ndio walioanzishiwa dawa za kundi hilo. Kwa mgonjwa wa Crohn fupi namna hii, anayeishi mahali ambapo sindano hizo ni ghali au hazipatikani kwa uhakika, matokeo haya yana uzito wa pekee.

Hatua ya nne: ielewe operesheni unayopendekezewa

Usitoke kliniki na jibu kwamba utakatwa utumbo. Uliza ni kipande kipi, urefu gani, mshono utakuwa wapi, na haja itatokea wapi siku ya kwanza na mwaka mmoja baadaye.

Kwa mwenye kolaitisi anayepasuliwa akiwa katika hali mbaya, desturi ni kuondoa utumbo mpana, kuiacha puru, na kuitoa ncha ya utumbo mwembamba kwenye ngozi ya tumbo ili haja iingie katika mfuko. Operesheni hii humwondolea mgonjwa sehemu kubwa ya ugonjwa, humpa nafasi ya kula na kunenepa, na huacha milango yote wazi, kwa kuwa uamuzi juu ya puru unaweza kufanywa miezi kadhaa baadaye akiwa na nguvu zake. Anayepasuliwa kwa mpango huchagua hasa kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa utumbo mpana na puru na kubaki na tundu la tumboni, yaani stoma, kwa maisha yake yote. Ya pili ni kutengenezewa kifuko cha ndani: mwisho wa utumbo mwembamba hukunjwa kwa umbo la herufi J, hushonwa uwe kifuko, kisha huunganishwa na njia ya haja kubwa, na mgonjwa huendelea kwenda chooni kama watu wengine. Kifuko cha namna hii kilielezwa na Parks na Nicholls wa London mwaka 1978, na umbo la J likaletwa na Utsunomiya wa Japani mwaka 1980.

Kifuko cha ndani kinavutia, na kwa wengi kinafaa, lakini kinastahili kuelezwa bila kupakwa rangi. Hufanywa kwa operesheni mbili au tatu zenye miezi kati yake, na katikati ya safari hiyo mgonjwa huwa na stoma ya muda. Baada ya kutulia, mtu huenda haja mara 5 hadi 7 kwa siku na pengine mara moja usiku. Takriban nusu ya wenye kifuko hupata, wakati fulani, uvimbe wa kifuko chenyewe, ambao mara nyingi hutibiwa kwa antibiotiki, na wachache hulazimika kurudi kwenye stoma ya kudumu. Kwa mwanamke, upasuaji wa ndani ya nyonga unaweza kupunguza uwezo wa kushika mimba kwa njia ya kawaida kutokana na makovu karibu na mirija ya uzazi. Upasuaji wa matundu madogo huonekana kupunguza tatizo hilo, na wengine huchagua kuzaa kwanza wakiwa na stoma na puru yao kabla ya kutengenezewa kifuko. Kwa mwanamume ipo hatari ndogo ya kuguswa mishipa ya fahamu inayohusika na tendo la ndoa. Mambo haya huachwa bila kutajwa kwa sababu ya haya, na ninamsihi mgonjwa ayaulize kwa jina lake, akiwa na mwenzi wake au peke yake, kabla ya kutia saini.

Kwa Crohn kanuni ni kukata kidogo iwezekanavyo, kwa kuwa utumbo mwembamba uliokatwa hauoti tena, na mtu anayebakiwa na chini ya mita 2 hivi huwa katika hatari ya kushindwa kunyonya chakula na maji ya kutosha. Operesheni inayofanyika zaidi ni ya kuondoa mwisho wa utumbo mwembamba pamoja na mwanzo wa utumbo mpana. Mahali palipobanwa na makovu mafupi mengi, daktari anaweza kuupasua utumbo kwa urefu na kuushona kwa upana, ili njia ipanuke bila kipande chochote kutupwa. Mbinu hii ilitumiwa India katika miaka ya 1970 kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha utumbo kabla ya madaktari wa Oxford kuichukua kwa ajili ya Crohn, na kwa hiyo daktari wa kwetu aliyezoea kutibu kifua kikuu cha tumbo si mgeni wa fikra hii. Fistula za karibu na njia ya haja kubwa hutibiwa kwanza kwa kutoa usaha na kupitisha uzi maalumu unaoacha njia ya usaha wazi, sambamba na dawa. Pupa ya kuikata fistula yote kwa mkupuo inaweza kuharibu misuli ya kuzuia haja. Jipu la ndani ya tumbo nalo, inapowezekana, hutolewa usaha kwa sindano inayoongozwa na kipimo cha picha, mgonjwa akapewa antibiotiki na chakula, na operesheni ikafuata baadaye mwili ukiwa umetulia.

Hatua ya tano: izungumze stoma kabla haijawekwa

Hofu ya mfuko wa haja tumboni ndiyo inayowafanya wengi wakatae upasuaji hadi dakika ya mwisho. Hofu hiyo ina haki ya kusikilizwa, lakini pia ina haki ya kupewa taarifa. Mtu mwenye stoma iliyotengenezwa vizuri huvaa nguo zake za kawaida, hufanya kazi, huoga, husafiri, hulala na mwenzi wake, na mwanamke hubeba mimba na kuzaa. Anapolinganisha, alinganishe maisha hayo na maisha anayoishi sasa, ya kuhesabu vyoo vilivyo njiani na kuamka usiku mara nyingi akiwa na damu, na asiyalinganishe na afya aliyokuwa nayo kabla ya kuugua.

Mahali pa stoma pachorwe kabla ya operesheni, mgonjwa akiwa macho, na si wakati amelala mezani. Muuguzi au daktari amtazame akiwa amesimama, ameketi na ameinama, kwa sababu mikunjo ya tumbo hubadilika. Mwambie unapofungia kanga au kikoi, mahali mkanda unapopita, mbeleko inapobana ukimbeba mtoto mgongoni, na kwamba unasujudu au unapiga magoti katika ibada. Mahali pafae kuonekana na mgonjwa mwenyewe, pawe mbali na kitovu, makovu na mifupa. Mfuko unaovuja kwa sababu ya tundu lililowekwa kwenye mkunjo huunguza ngozi kila siku, na mateso hayo yanaweza kuzuiwa kwa alama ya kalamu.

Mifuko nayo ni hesabu ya kufanywa mapema. Uliza inapatikana duka lipi, kwa bei gani, na huchukua siku ngapi mmoja kabla ya kubadilishwa, kisha zidisha kwa mwezi. Omba pia uonane na mtu mwenye stoma, wa jinsia yako ikiwezekana. Mazungumzo ya saa moja na mtu huyo huondoa mambo ambayo daktari hawezi kuyaondoa. Kwa Waislamu, masheikh wengi humhesabu mwenye stoma kuwa mwenye udhuru, anayetawadha kwa kila swala na kuswali hata haja ikitoka bila hiari yake. Suala la kufunga Ramadhani litazamwe na daktari na sheikh pamoja, kwa kuwa mwenye stoma ya utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi kwa haraka.

Hatua ya sita: chagua mahali na upange fedha

Upasuaji wa maradhi haya hufaa kufanyika katika hospitali ambayo daktari wa mfumo wa chakula, daktari wa upasuaji wa utumbo, mtaalamu wa picha, maabara ya vinyofu na chumba cha wagonjwa mahututi viko pamoja, na kwetu hilo kwa kawaida humaanisha hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC, Bugando, Kenyatta au Mulago, au hospitali binafsi zenye wataalamu hao. Muulize daktari, kwa adabu na bila woga, ni mara ngapi amefanya operesheni hii hasa, na kama kwa kifuko cha ndani angekupeleka kwa mwingine. Daktari mwenye uzoefu halichukii swali hili.

Upande wa bima, taka jibu kwa maandishi. Kenya ilihama kutoka mfuko wake wa bima ya afya, NHIF, kwenda mamlaka mpya ya SHA mwezi Oktoba 2024, kwa hiyo mgonjwa asitegemee barua za zamani. Tanzania, ambako NHIF ni mfuko mwingine wenye kifupi hichohicho, mwenye bima hiyo aulize kifurushi chake kinagusa nini. Maswali ni kama bima inalipia operesheni ya pili na ya tatu, mifuko ya stoma, kolonoskopi za baadaye, na dawa za kibayolojia, kama infliksimabu, baada ya upasuaji. Familia inayochanga fedha ichangie safari nzima, kwa maana aliyelipiwa operesheni ya kwanza peke yake anaweza kubaki na stoma ya muda kwa miaka.

Hatua ya saba: uandae mwili

Wiki 4 hadi 6 kabla ya operesheni ya kupangwa zinaweza kubadilisha matokeo yake. Upungufu wa damu utibiwe, mara nyingi kwa madini ya chuma kupitia mshipa, kwa sababu vidonge humsumbua mwenye utumbo uliovimba. Aliyekonda apate chakula chenye protini na nguvu: mayai, samaki, maziwa kama yanamkubali, uji mzito, na virutubisho vya kunywa vya hospitali pale utumbo ulipobanwa. Prednisoloni ipunguzwe kwa maelekezo ya daktari, inapowezekana ifike chini ya miligramu 20 kwa siku, lakini isikatwe ghafla hata siku moja, kwa kuwa mwili uliozoea steroidi unaweza kuzimia bila hizo. Sigara iachwe. Kwa mwenye Crohn, kuvuta sigara huongeza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi baada ya kukatwa. Uliza pia kuhusu sindano za kuzuia damu kuganda, kwa sababu wagonjwa hawa huganda damu kwenye mishipa ya miguu na mapafu kuliko wagonjwa wengine wa upasuaji, na kinga hiyo mara nyingi huendelea nyumbani hadi wiki 4.

Hatua ya nane: amua pamoja na watu wako, lakini amua wewe

Katika jamii zetu uamuzi wa namna hii huwa wa ukoo. Baba mkubwa ana neno lake, shangazi ana mganga anayemwamini, na jirani anamjua mtu aliyepona kwa dawa ya mizizi. Njia bora ninayoijua ni kumchukua mmoja wao, yule anayesikilizwa na wengine, kwenda naye kliniki, ili maelezo yarudi nyumbani kwa sauti ya mtu mzima wa familia na si kwa sauti ya mgonjwa aliyechoka. Dawa yoyote ya asili inayotumika itajwe kwa daktari wa upasuaji na wa usingizi, kwa kuwa baadhi hugusa ini au kuzuia damu kuganda. Baada ya hapo, mgonjwa mwenye akili timamu ndiye anayetia saini, na akiamua kungoja, angoje kwa masharti yaliyoandikwa: uzito ukishuka hadi kiasi gani, au kuongezewa damu kukihitajika mara ngapi, au ifikapo tarehe gani, atarudi kwenye swali hili.

Hatua ya tisa: panga maisha ya baada ya operesheni

Mwenye stoma ya utumbo mwembamba kwa kawaida hutoa kati ya mililita 500 na 1,000 kwa siku. Ikizidi lita 1.5, kiu ikakaza na mkojo ukapungua, yuko katika hatari ya kuharibu figo. Maji matupu na soda huzidisha hali hiyo, kwa hiyo anywe maji ya ORS na kuwasiliana na hospitali siku hiyohiyo. Wiki za mwanzo aepuke au atafune sana mahindi, karanga, nazi, uyoga na maembe yenye nyuzi, ambavyo vinaweza kuziba tundu. Maumivu ya tumbo yanayoongezeka, homa, au tundu kuacha kutoa kitu kwa saa kadhaa huku akitapika, ni sababu za kurudi hospitalini bila kungoja asubuhi.

Mwenye Crohn afanyiwe kolonoskopi kati ya miezi 6 na 12 baada ya operesheni, hata akiwa hana maumivu yoyote, kwa kuwa vidonda vipya huonekana kwa kamera muda mrefu kabla ya kusikika mwilini, na hapo ndipo dawa ina nafasi ya kuvizuia. Aliyeondolewa mwisho wa utumbo mwembamba apimwe vitamini B12 na apewe sindano zake inapohitajika. Aliyeachiwa puru aendelee kuchunguzwa, kwa sababu saratani inaweza kuota katika kipande hicho hata kama hakipitishi haja. Na kila mmoja wao aombe nakala ya ripoti ya operesheni kabla ya kuruhusiwa, inayoonyesha kilichokatwa, kilichobaki kwa sentimita, na namna kilivyounganishwa, aitunze mahali salama na kuipiga picha kwenye simu, kwa maana daktari atakayemwona usiku mmoja miaka 10 ijayo, pengine katika mji mwingine, ataihitaji kuliko maelezo yoyote ya mdomo.